Mto Ukijaa, Nani Anatoa Amri?

Hotuba kwa watendaji wa kata na mitaa, madiwani na wajumbe wa kamati za maafa, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, vijiji na mitaa, viongozi wa dini, ndugu zetu mliotoka Moshi na Hai, na wananchi mliofunga biashara leo ili mje kusikiliza: asanteni kwa kufika. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mvua inapoua watu, huwa kuna muda fulani ambao ofisi moja imeshajua na mtaa bado haujajua. Huo muda ndio uliotukutanisha hapa. Mawingu hatuyawezi. Muda huo tunauweza, kwa sababu tunautengeneza sisi wenyewe: barua inasubiri saini, simu haipokelewi, kikao kinasubiri akidi, na mtumishi anajua kabisa kinachotakiwa kufanyika lakini anaogopa kuulizwa kesho nani alimpa madaraka.

Nianze mbali. Hispania ni nchi tajiri. Ina rada, ina vipimo mitoni, ina mfumo wa kutuma ujumbe kwenye kila simu iliyo ndani ya eneo fulani. Oktoba 29, 2024, mamlaka yao ya hali ya hewa ilitoa tahadhari nyekundu kwa Valencia saa 1:36 asubuhi. Kikao cha uratibu wa dharura kikakaa saa 11 jioni. Ujumbe wa simu wa kuwataka wananchi wajikinge ukatumwa saa 2:11 usiku. Hesabuni: zaidi ya saa kumi na mbili. Ulipoingia kwenye simu, watu wengi walikuwa wameshanaswa ndani ya magari na kwenye maegesho ya chini ya majengo. Walikufa zaidi ya 220. Vifaa vilikuwepo vyote. Kilichochelewa ni uamuzi wa kutuma ujumbe ule.

Sasa angalieni Bangladesh, nchi yenye umaskini tunaoufahamu. Kimbunga cha mwaka 1991 kiliua watu wapatao 138,000. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007, nacho kikali sana, kiliua watu 3,400 hivi. Nyumba za wengi zilikuwa bado za mabati na udongo. Tofauti iliyoonekana ni majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa kutoka ardhini, na watu wa kujitolea wanaofundishwa tangu mwaka 1972, wenye vipaza sauti, baiskeli na bendera. Kila mmoja ana nyumba zake anazojua. Ishara ikifikia kiwango kilichoandikwa, anatoka anaanza kupita. Hapigi simu kuomba ruhusa.

Turudi nyumbani. Mvua za mwaka 2023 na 2024 hazikutujia kwa kushtukiza. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitangaza El Niño kabla ya vuli kuanza. Desemba 3, 2023, tope na mawe vikashuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, wakafa zaidi ya watu 80. Aprili 12, 2024, hapa hapa jijini kwetu, gari la shule likasombwa na maji asubuhi likiwa na watoto ndani. Aprili 25, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeshaua watu 155 na kujeruhi 236 nchi nzima. Baada ya kila tukio husemwa kwamba wananchi hawasikii. Tuanze na sisi: waliambiwa nini, na nani, saa ngapi, na kwa maneno gani?

TMA inatumia ngazi tatu. Angalizo, rangi ya njano. Tahadhari, rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa, nyekundu. Pamoja na rangi hutaja uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari. Mvua kubwa kwa kipimo chao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 za maji. Mlima Meru una kilele cha mita 4,566, na mji wetu uko kwenye mita 1,400 hivi. Maji ya Themi, Naura, Ngarenaro na Kijenge yanashuka kwa kasi, hayatupi siku mbili za kujiandaa kama mito ya tambarare.

Taarifa ikitoka TMA inaingia kwenye makundi ya WhatsApp, inasambazwa vilevile ilivyo: "Wananchi wa mikoa ifuatayo mnashauriwa kuchukua tahadhari." Mtendaji naye anaituma kama alivyoipokea. Mama anayeishi bondeni anaisoma, anatazama juu, jua linawaka, anaendelea kufua. Hakuna aliyemwambia kwamba ni yeye, ni leo, na anatakiwa kwenda wapi. TMA haiwezi kumwambia hayo, kwa sababu haijui nyumba yake iko upande gani wa daraja. Mtendaji wa mtaa anajua. Kuifanya taarifa ya mkoa iwe ya mtaa ni kazi ya ofisi ya mtendaji, lakini mara nyingi hakuna mtu mmoja aliyepangiwa kuifanya. Hilo ndilo kosa la kwanza la utawala.

Ujumbe wa mtaa uwe namna hii: "Nyumba zote zilizo kati ya mto na barabara ya lami. Leo Jumatano maji yanaweza kupanda kuanzia saa 4 usiku. Watoto, wazee na wagonjwa waondoke kabla ya saa 1 jioni, mwanga ukiwepo. Nendeni shule ya msingi iliyo upande wa juu. Pitieni njia ya kanisani, msipite darajani. Bebeni dawa, vitambulisho na maji ya kunywa. Mwenye mtu wa kubebwa ampigie mjumbe sasa hivi." Uandikwe kabla ya masika, ukae kwenye simu ya mtendaji na ya naibu wake, ukiacha nafasi ya siku na saa tu. Katika mitaa yenye wazee wasiokijua Kiswahili vizuri, uandikwe pia Kimaasai au Kimeru. Usiku wa manane simu zimezimwa au hazina chaji, kwa hiyo ujumbe huohuo utoke kwenye kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, na bodaboda wawili waliopangiwa njia zao na kuahidiwa mafuta. Kiziwi hasikii kengele. Mjumbe awe na orodha ya nyumba zenye viziwi, walemavu, wajawazito wa miezi ya mwisho na wagonjwa wa kitandani, na kila nyumba iwe na mtu wa kuigongea.

La pili ni amri yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kwenye karatasi tumekamilika. Lakini fungueni faili la kamati ya kata yoyote mwangalie yale majina. Mmoja amehamishwa, mwingine amestaafu, wa tatu ni marehemu. Kamati iliandikwa kwa majina ya watu badala ya vyeo, na makabidhiano ya ofisi yalihusu samani na mihuri. Andikeni cheo, na kila cheo kiwe na wawili wa kukaimu kwa mpangilio: huyu asipopatikana kwa dakika kumi, anayefuata ana mamlaka kamili. Dakika kumi ziandikwe. Kisichoandikwa hakitamlinda mtumishi wa chini mbele ya mkaguzi, naye analijua hilo, ndiyo maana anasubiri.

Amri nayo isitegemee moyo wa mtu. Itegemee namba. Kwenye nguzo ya daraja pakeni vipande vya sentimita kumi kumi: kijani, njano, nyekundu. Maji yakigusa njano, wagonjwa na watoto wanahamishwa na mashine zinawekwa tayari. Yakigusa nyekundu, wote wanatoka, na anayetoa amri ni aliye zamu kwenye daraja, hata kama ni mgambo. Nyekundu inawekwa wapi? Tafuteni alama za mafuriko yaliyopita: takataka zilizonasa kwenye matawi, madoa kwenye kuta za mawe. Ulizeni wazee. Kisha pimeni muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Kama kuhamisha mtaa kunachukua saa moja na nusu, nyekundu iwe kwenye kimo ambacho maji hukifikia angalau saa mbili kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Ukiiweka kwenye kimo cha mafuriko yenyewe, utatoa amri watu wakiwa wameshalowa kiunoni. Na kwa mito yetu inayoshuka kwa kasi, daraja la mtaani kwako limeshachelewa. Kipimo chako kiwe kwenye daraja la juu, na mtu wa huko awe na namba yako ya simu.

Huko juu wekeni pia kipimamvua. Kama hakuna fedha, kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilo pana chini wala juu, linatosha. Liwekeni mahali pa wazi, mdomo wake ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini ili matone ya udongo yasirukie ndani, na mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Pima kina kwa rula kila saa 3 asubuhi, na wakati wa mvua kubwa kila baada ya saa moja. Kina cha sentimita 5 ni milimita 50. Mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wanaiweza kazi hii, na daftari lao litakuwa na thamani kubwa baada ya miaka mitano.

Kwa madereva, namba ni hizi. Maji yanayokwenda yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, pamoja na yale makubwa tunayoyaamini. Kila drifti, yaani mahali barabara inapokatiza mto bila daraja, iwe na nguzo mbili zenye alama ya nyekundu kwenye sentimita 30, pande zote mbili, na siku ya tahadhari awepo mtu wa kufunga kamba. Tusimwachie dereva wa gari la shule, anayefikiria kengele ya saa moja na nusu, aamue peke yake juu ya roho za watoto. Ofisi ya elimu ya kata iandike sasa kwamba siku ya tahadhari ya rangi ya chungwa na nyekundu, mtoto aliyechelewa au aliyebaki nyumbani hahesabiwi kosa.

Tatizo jingine ni mipaka yetu. Themi, Nduruma, Usa na maji mengine ya Meru yanaungana kwenye Kikuletwa, na Kikuletwa inaelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji ya Kilimanjaro nayo yanaingia. Mvua inaweza kunyesha Arumeru jioni na mafuriko yakampata mkulima wa Hai, Moshi Vijijini au Simanjiro kesho yake mbingu zikiwa nyeupe. Hiyo ni mikoa mitatu, Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwa utaratibu wa kawaida, taarifa inapanda kutoka kijiji hadi kata, wilaya, mkoa, kisha inavuka na kushuka upande wa pili ngazi zilezile. Maji hayapandi ngazi hizo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, kazi yake inafuata mto. Kwa hiyo tunaomba kila mto uwe na orodha moja ya namba za simu za watendaji walio kando yake, kuanzia chemchemi hadi bwawani, na mtendaji wa juu aruhusiwe kumpigia wa chini moja kwa moja. Nakala kwa mkoa ifuate baadaye. Wenzetu wa Kahe na kando ya mashamba ya miwa ya TPC wanaelewa ninachosema kuliko mtu yeyote ndani ya ukumbi huu.

Sasa mashine. Kalavati ikiziba, kijiko kimoja, ile mashine ya kuchimbia, kikifika ndani ya saa mbili kinaokoa mtaa. Kinachokichelewesha ni mambo madogo yasiyo na mwenyewe. Kijiko kipo, lobedi ya kukibeba haipo. Lobedi imepatikana, dizeli haijaidhinishwa. Dizeli ipo, opereta yuko msibani Rombo na hakuna wa pili. Kijiko cha tani 20 kinatumia kama lita 15 kwa saa, kwa hiyo kazi ya saa kumi ni lita 150, ukiongeza lobedi kwenda na kurudi. Hizo lita ziwe na kibali mapema. Halafu barabara: ile ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na ile ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zinakutana kwenye kalavati moja, na kila upande unaweza kusema kalavati ni ya mwenzake. Orodhesheni makalavati yote yanayoziba, kila moja likiwa na mmiliki, ufunguo wa kambi ya mashine ulipo, na opereta wawili. Yasafishwe Februari. Kalavati linalosafishwa Aprili huwa limeshaamua nani anahama.

Fedha nazo zina kalenda yake. Mwaka wetu wa fedha unaisha Juni 30. Masika yanakolea Aprili, robo ya mwisho, wakati fungu la dharura la halmashauri limebaki jina. Ndipo mtu anaanza kutafuta nukuu za bei za mablanketi huku watu wamelala kwenye vibaraza. Sheria ya ununuzi wa umma inaruhusu ununuzi wa dharura, ila wengi wanaogopa kuutumia kwa sababu mkaguzi anakuja baada ya miezi minane, tope limeshakauka. Dawa yake ni mikataba ya bei iliyosainiwa kabla ya msimu: muuza unga, mwenye maboza, mwenye malori, mwenye maturubai. Bei imeshakubaliwa, kiasi kinatajwa siku ya tukio. Na mkague stoo ya mtu kabla hamjasaini. Baada ya kimbunga Maria cha Septemba 2017 kule Puerto Rico, serikali ya Marekani ilitoa mkataba wa milo milioni 30 kwa kampuni ndogo. Ulipofika wakati wa kuleta ilileta milo 50,000.

Michango ya wananchi iwe na akaunti moja inayojulikana mapema, yenye watia saini wa vyeo na taarifa ya kila wiki inayobandikwa ubaoni. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Wachangiaji wakishaingiwa na mashaka, ni waathirika wanaokosa.

Nije kwenye mahali pa kuwaweka watu, kwa sababu hapa tunajidanganya kila mwaka. Husemwa: "Watahifadhiwa shuleni." Tufanye hesabu. Chukua familia 300, wastani wa watu watano, ni watu 1,500. Kipimo kinachotumika duniani ni mita za mraba 3.5 za sakafu iliyoezekwa kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, linachukua watu 18. Shule yenye madarasa saba inachukua watu 126. Watu 1,500 wanahitaji madarasa 84. Ukiwajaza wote kwenye shule moja, unakuwa umepanga kipindupindu. Kwa hiyo mpango wa kweli unahusu shule kadhaa, makanisa, misikiti, kumbi, na jamaa walio tayari kupokea familia, ambao nao wapewe mgawo wa chakula.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, maana yake lita 22,500. Boza la lita 10,000 lije mara tatu kila siku, na klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba la kambi ipimwe, iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Vyoo: siku za mwanzo tundu moja kwa watu 50, yaani matundu 30, na haraka iwezekanavyo tundu moja kwa watu 20, yaani 75. Vya wanawake viwe kando, viwe na taa na komeo la ndani. Shule yenye matundu 12 ya watoto haiwezi. Chakula: unga gramu 450, maharage 60, mafuta 30 kwa mtu, ambayo ni unga kilo 675, maharage kilo 90 na mafuta kilo 45 kwa siku moja, na kwa wiki unga peke yake unakaribia tani tano. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana ghala hapa Arusha, lakini mahindi ya ghalani ni punje. Nani anayasaga? Kinu cha nani, na umeme ukiwa umekatika? Msisahau kuni au mkaa, sufuria, na uji wa watoto wachanga. Watu wamewahi kupewa mahindi na maharage makavu wakiwa hawana hata kijiko cha kukorogea.

Halafu daftari la waathirika. Hapa ndipo chuki ya miaka mingi inapozaliwa. Mwenyekiti anapita na karatasi moja, anaandika nyumba zilizoanguka. Mwenye nyumba anaandikwa. Wapangaji wanne waliokuwa kwenye vyumba vile, waliopoteza kitanda, cherehani, mtaji wa genge na sare za watoto, hawamo, kwa sababu karatasi iliuliza nyumba. Mke wa pili hayumo. Mfugaji aliyekuwa malishoni hayumo. Siku ya tatu orodha inavimba, wanaingia waliosikia kuna mablanketi, ofisi inashtuka, inasimamisha ugawaji wa wote ili ihakiki, na wiki inapita.

Andikeni kaya badala ya nyumba. Safu ziwe chache: jina la mkuu wa kaya na la mwenzi wake, idadi ya watu kwa umri, mwenye nyumba au mpangaji, kilichopotea, wanakolala usiku huu, mgonjwa anayetumia dawa za kila siku, nyaraka zilizopotea. Hilo la dawa liulizwe pembeni, kwa siri, na mhudumu wa afya, kwa sababu mtu anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu hatasema mbele ya foleni, na akikosa siku kadhaa anaumia. Nakala ziwe tatu: moja ya mtaa, moja ya kata, moja inabandikwa. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, majirani wathibitishe, wapingaji wasikilizwe hapo hapo. Watakaorudi baadaye wawe na ukurasa wao na siku ya mwisho iliyotangazwa. Kila kaya ipewe kikaratasi chenye namba na muhuri. Na piga picha ya nyumba kabla haijabomolewa au kusafishwa, la sivyo tathmini ya mhandisi wiki mbili baadaye itakuta uwanja mtupu.

Kuhusu vifo, hesabu zisifungwe mapema. Puerto Rico kwa miezi mingi ilishikilia idadi rasmi ya vifo 64 vya kimbunga Maria. Utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington mwaka 2018 ukakadiria 2,975, kwa kuwa wengi walikufa baadaye, umeme ukiwa haupo na huduma za hospitali zimevurugika. Mtendaji aendelee kuandika vifo vya kaya zilizoathirika kwa miezi mitatu, pamoja na kuharisha na kichomi. Hao nao ni watu wetu.

Lipo ambalo linaumiza zaidi kulisema mbele ya madiwani, lakini tusilikwepe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tembeeni kando ya mito yetu. Ndani ya mita hizo mtakuta nyumba zenye mita ya maji, mita ya umeme, na risiti ya kodi ya jengo. Ofisi moja imezuia, tatu zimemkaribisha. Siku ya mafuriko mwananchi anaitwa mvamizi, na siku ya kudai msaada anaambiwa alijenga kinyume cha sheria. Kabla ya huduma kuunganishwa, fomu iwe na saini ya mtu aliyefika na kamba akapima kutoka ukingoni. Na wale waliopo wasibomolewe kabla ya kupata viwanja vyenye maji, shule na usafiri wa kufika kazini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa mabondeni Dar es Salaam walipelekwa Mabwepande, mbali na mahali walipokuwa wakipata riziki. Kiwanja kisicho na nauli ya kwenda sokoni kinamrudisha mtu mtoni, na hatuna haki ya kumlaumu.

Mwisho kabisa, waheshimiwa madiwani, hili linawahusu ninyi moja kwa moja. Rangi ya nguzo za madaraja, makopo na rula, betri za vipaza sauti, mafuta ya bodaboda, nakala za daftari na mazoezi mawili ya kuhama kwa mwaka, moja likiwa la usiku: haya yote kwa kata moja hayafiki gharama ya kukodi kijiko na lobedi kwa siku chache. Yaingie kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha yakiwa na mstari wake, na kwa msimu huu yaanze na mapato ya ndani. Baada ya kila tukio, ndani ya siku 30, taarifa isomwe kwenye mkutano wa hadhara ikionyesha saa taarifa ilipopokelewa, saa ilipotumwa mtaani na saa kaya ya kwanza ilipohama.

Fomu za orodha ya makalavati na mfano wa ujumbe wa mtaa zipo mezani pale mlangoni. Kila mtendaji achukue mbili, moja yake na moja ya anayemkaimu. Karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na wa kata za bondeni.